Taa ya Bangi Juu ya Miche ya Dada Yangu

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, bibi wa wajukuu wanne, mwenye kitanda katika nyumba isiyo yangu. Binti yangu, wa pili kuzaliwa, ambaye niliishi kwake Louisville, Kentucky, huku Amerika, upande wa Okolona. Mume wake, yaani mkwe wangu, aliyefanya kazi ya usiku kwenye ghala na kulala mchana. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu kaka yangu, aliyekaa Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, na aliyejua kila kitu. Na dada yangu mkubwa, wa Buffalo, ambaye miguu yake haikuwepo mpaka mwishoni, lakini kwa simu alikuwepo kuliko sisi sote.

Majina yao ninayo. Ninayo na ya waliopita pembeni tu, hata la yule kijana wa duka aliyeniuzia udongo wa miche, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kifuani kwake na mimi nilisoma darasa tatu, zikanitosha kusoma vifua vya watu. Ila sitayaandika. Wote wako hai na wana simu za kusomea, na mpwa wangu hasa, akiliona jina lake mahali, atadhani nimemsifu.

Jambo lenyewe lilikuwa mbegu. Mama yetu mzazi alikuwa na nyanya chungu za kwake, sisi tunaziita intore, nyeupe, ndogo kama yai la kuku anayeanza kutaga, na chungu kwelikweli. Tulitoka nazo Burundi, tukazipanda kambini Kigoma nyuma ya hema, na dada alipopanda ndege kuja Amerika mbegu zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge chake, naye akapita mbele ya maafisa na uso wa mtu asiyejua mbegu ni nini. Kila mwaka kule Buffalo alipanda, akala, akaacha matunda mawili mtini yaive mpaka yawe mekundu, akatoa mbegu, akazikausha, akazitia kwenye kopo.

Halafu ikaja ile baridi aliyolazwa hospitalini. Wanawake wa kanisani kwake wakaona wamfanyie wema, wakaingia jikoni kwake kusafisha. Sisemi neno baya juu ya watu wanaoomba. Nasema tu kwamba mtu akiingia jiko la mwenzake bila mwenyewe kuwepo, akatupa kila kopo asilolijua, huo si usafi, huo ni uvamizi wenye sabuni. Kopo likaenda na takataka. Mbegu zilizobaki duniani zikawa zile chembe chache alizonitumia miaka miwili nyuma, nami nilikuwa nimeziacha kwenye kichupa cha dawa bila kuzipanda, kwa kuwa uwanja wa nyumba ya binti yangu ni lami mpaka kwenye ngazi.

Dada alinipigia akiwa bado kitandani.

"Unazo?"

"Ninazo."

"Nyingi?"

"Chache, dada. Na zimezeeka."

"Hata sisi tumezeeka. Zioteshe sasa hivi, ndani, huko kwako. Mwezi wa tano uniletee miche. Hapa kwangu dirisha linatazama ukuta wa jirani, na nikisubiri ardhi ipate joto nianze mwenyewe, baridi itarudi izikute bado zina maua. Umenisikia, mdogo wangu? Zikifa hizo, mama amekufa mara ya pili."

Akakata simu bila kuniaga. Ndivyo alivyo. Hata akiwa mgonjwa anaongea kama mtu anayegawa chakula kwenye foleni.

Basi nikapanda kwenye vikopo vya mtindi, nikavishusha kwenye besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba, karibu na lile tanuru linalopasha nyumba joto. Chache hazikuota, nyingi ziliota. Kumi na nne, nasema mimi. Binti yangu anasema kumi na tano, lakini yeye alikuwa akizihesabu huku anaongea na simu.

Kuota ni rahisi. Mbegu inaota hata kwenye soksi yenye maji. Kazi ni baada ya hapo, mche unapoanza kudai mwanga, na besmenti yetu ilikuwa na dirisha moja lenye ukubwa wa bahasha, ambalo ukitazama nje unaona miguu ya paka. Juu madirisha yote mazuri yalikuwa na wajukuu, na kitu chochote kilichowekwa dirishani kilikuwa sakafuni kabla ya jioni. Miche ilibidi ikae chini. Binti yangu akafanya kosa la kumwambia binamu yake kwenye simu.

"Msinunue chochote," mpwa wangu akasema. "Mwambie Shangazi nina taa."

Jumamosi akafika kutoka Columbus na kitu kimefungwa blanketi kiti cha nyuma, amekivalisha na mkanda kama mtoto. Alipokifungua nikaona bati kubwa kama karai la kuogea, balbu ndefu kama chupa ya soda, waya mnene, na sanduku zito la chuma ambalo alisema bila hilo taa haiwaki.

"Wati elfu moja, Shangazi," akasema, akilipigapiga lile bati.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa rafiki yangu, tunakaa naye. Mwenye nyumba anakuja kukagua, akasema tuiondoe kidogo. Alikuwa anaoteshea… mimea."

"Mimea gani?"

Akamtazama binti yangu amsaidie. Binti yangu akatazama dari.

"Mimea ya dawa, Shangazi."

"Bangi."

"Shangazi jamani!"

"Nimekaa kambini miaka mingi kuliko uliyo nayo duniani. Bangi naijua kwa majani na kwa watu wake. Ilikuwa inaota yenyewe nyuma ya choo cha jirani yetu, hakuna aliyeimwagilia, na haikuwahi kuomba taa hata siku moja."

Hapo akakaa kwenye ndoo na kunifundisha. Huku watu wanaiotesha ndani ya kabati, akasema, ili isionekane, na kwa kuwa kabatini hakuna jua wananunua jua la dukani. Baridi nzima alikuwa ametazama video za waoteshaji hao wakibishana juu ya taa: ipi ina nguvu, iwe karibu kiasi gani, zile za zambarau na zile za manjano, ipi inakula umeme na ipi inautafuna. Alivyoeleza ungedhani ameitwa na Mungu. Mwanga mwingi, mavuno mengi. Saa ishirini na nne bila kuzima. "Mmea mdogo haulali, Shangazi. Ukiuzimia taa unaunyima chakula."

Nikawaza: tazama watu hawa. Jua liko nje, halina mita, halina waya, linawasubiri. Wao wanafunga mlango, wanafunga dirisha, wanajifungia na majani kabatini, halafu wanalinunua jua tena kwa wati. Na mtu wa hivyo wanamwita mtaalamu. Lakini sikuwa na dirisha, na dada alikuwa anasubiri, kwa hiyo nikanyamaza. Mtu mwenye shida hunyamaza mbele ya wajinga wengi.

Mkwe wangu alikuwa ameamka, amesimama nusu ngazi, macho kwenye viatu vyake kama inavyopasa mbele yangu. Alikuwa amepeleka maombi ya uraia na alikuwa anaogopa hata kuvuka barabara vibaya.

"Hii taa," akamuuliza mpwa wangu kwa sauti ya chini, "ni halali kuwa nayo?"

"Shemeji, taa ni taa. Haivuti kitu."

Wakaifunga kwenye bomba la dari kwa mnyororo. Mpwa wangu akawasha. Kwanza ikanguruma, kisha ikawa nyekundu, kisha ikageuka manjano na besmenti nzima ikawaka kama nyumba inayoungua bila moshi. Nilifunika macho. Nilipoyafungua nikaona inachomulika: miche yangu, ndiyo, vikopo hivyo vichache kwenye meza, lakini pia mashine ya kufulia, baiskeli mbovu, viatu vya kazi vya mkwe, kuta zote nne na buibui wao. Mwanga wa wati elfu kwa shamba lenye ukubwa wa sinia. Ilimulika mashine ya kufulia mchana na usiku, na mashine ya kufulia haikutoa hata jani moja.

Mpwa wangu akala, akashukuru, akarudi kwao, ametuachia jua.

Sasa lazima nieleze habari ya kitanda. Mkwe wangu alilala besmenti. Mtu anayerudi kazini asubuhi hawezi kulala juu, watoto wanapiga kelele na mwanga unaingia kila mahali, kwa hiyo alikuwa ameweka kitanda chake kule chini, nyuma ya tanuru, na kihita kidogo cha umeme miguuni. Na kwetu mama mkwe haingii anapolala mkwe wake. Haijalishi ni Bujumbura au Kentucky, haingii. Yeye naye hakai mbele yangu akila, hanyooshi mguu, hanikatizi maneno. Kwa hiyo asubuhi akishuka kulala, mlango wa besmenti ulikuwa umefungwa kwangu mpaka jioni aondoke. Miche yangu ilikuwa huko, na kisanduku cha fyuzi kilikuwa huko pia, juu ya mto wake.

Na besmenti nzima ilikuwa na laini moja tu ya umeme. Nyumba ya zamani. Siku ya kwanza taa ikiwaka, mkwe akashuka, akawasha kihita chake: giza. Nilisikia kutoka jikoni lile sanduku likiacha kunguruma. Nikakaa kwenye kiti juu ya ngazi nikisubiri. Baada ya muda likanguruma tena, nikajua ameamka akarudisha fyuzi. Kidogo hivi, giza tena. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Hakusema neno. Akipita jioni kwenda kazini macho mekundu, ananiambia, "Mama, shikamoo," namwambia, "Marahaba, umelala?" anasema, "Nimelala vizuri, Mama." Mtu anadanganya kwa adabu kiasi hicho utamfanyaje?

Kisha fyuzi ikatulia. Sikusikia tena sanduku likizimika ghafla, nami kwa kelele za wajukuu nikaacha kulisikiliza. Kila jioni nikishuka, mkwe akiwa ameondoka, nakuta taa inawaka, kubwa, kali, nikasema basi umeme umeizoea.

Lakini miche ilikuwa haipendezi. Ile ya katikati, chini kabisa ya balbu, majani yalikauka kingo yakawa kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Ile ya pembeni ilikuwa imelala ubavu, mirefu, myembamba, imenyoosha shingo kuelekea katikati kama watoto wanaochungulia ugomvi. Mitatu ikafa wiki hiyo. Nikampigia mpwa wangu.

"Zinaungua."

"Hapana, Shangazi, zinazoea. Wanasema lazima zipate mshtuko kidogo."

"Wanasema nani?"

"Wataalamu."

"Wa bangi."

"Mmea ni mmea, Shangazi."

"Haya. Hiyo taa inapunguzwa nguvu?"

"Ina kitufe, lakini usipunguze! Ukipunguza unazilaza njaa."

Nikampigia dada. Dada hakuniuliza wati. Aliniuliza, "Umeweka mkono?"

"Mkono wapi?"

"Juu ya jani. Geuza kiganja chini, kiache hapo kama unambariki mtoto. Kiganja kikiona joto, jani limeshaungua zamani, halina mdomo wa kukuambia. Na kama kiganja hakioni kitu lakini mche unarefuka kama uzi, basi taa yako iko mbinguni, ishushe."

"Zangu zinafanya yote mawili."

Nikamsikia anaweka chini kikombe chake.

"Yote mawili? Chini ya taa moja? Mdogo wangu, mimi niliandamana na mbegu hizi kwa miguu mpaka Tanzania. Wewe hujaweza kuzivusha besmenti?"

Maneno hayo niliyala siku mbili. Siku ya tatu nikawa jikoni na binti yangu, anaosha vyombo, nikasema, ili tu nipate jambo zuri la kusema, kwamba angalau fyuzi imetulia.

Akacheka mpaka akashika sinki.

"Mama, kwani hujui? Baba watoto anaizima akilala. Akiamka kwenda kazini anaiwasha tena."

"Kila siku?"

"Kila siku. Alisema nisikuambie, utaona kama amekudharau."

Hebu fikiria. Majuma hayo yote mimi nakaa juu ya ngazi kama mlinzi, namheshimu mtu kwa kutoingia, na yeye yuko chini ananiheshimu kwa kuzima. Watu wawili wazima, nyumba moja, tumeheshimiana mpaka miche ya dada yangu inakaribia kwisha. Nikasema safari hii tutaongea.

Nikamsubiri siku yake ya mapumziko. Nikakaa kwenye kiti changu juu ya ngazi, mlango nusu wazi. Yeye akakaa chini, ngazi ya mwisho, mgongo kwangu. Binti yangu tukamweka katikati apitishe maneno, kama inavyofanywa.

"Mwambie mumeo," nikasema, "mama yako anauliza kwa nini miche ya watu inalazwa gizani."

"Mama anauliza…"

"Nimesikia. Mwambie Mama shikamoo kwanza."

"Marahaba. Mwambie ajibu."

"Mwambie Mama ile taa na hita havikai pamoja. Nikiwasha vyote fyuzi inakatika. Nikizima hita naganda. Na hata bila baridi, Mama, nani analala chini ya kitu kile? Ni kama kulala katikati ya soko saa sita mchana."

"Mwambie angesema!"

"Mwambie Mama ningesema nini? Nimwambie mama mkwe wangu vitu vyake vinanisumbua?"

"Mwambie ndiyo!"

"Ndiyo," akasema binti yangu, akitazama juu, kisha akitazama chini. "Ndiyo, ndiyo, na mimi nimechoka shingo."

Hapo mkwe akakohoa kidogo, akasema neno ambalo alikuwa nalo tangu mwanzo na adabu ikamziba mdomo. Juu ya mashine ya kufulia, akasema, kuna taa mbili ndefu, zile nyembamba za mrija. Hazijawaka tangu tuhamie kwa sababu zinawashwa kwa kuvuta kamba na kamba ilikatika, hakuna aliyejali. Zile hazina joto, na umeme wake ni mdogo, hita isingezisikia. Tungefunga tu kamba mpya ya kuwashia, tukazishusha kwa kamba za nguo mpaka zikaribie majani.

Nikatazama. Zilikuwa pale kweli, zimejaa vumbi, juu ya vichwa vyetu siku zote, na ile taa kubwa ya bangi ilikuwa imezimulika vizuri kabisa tuzione.

Mpwa wangu aliposikia alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Shangazi! Hizo ni taa za kufulia nguo! Utapata miche kama nyuzi za kushonea!" Hata mimi, nisiseme uongo, nilizidharau. Wati za zote mbili ukizijumlisha hazikufika hata kwenye kidole kimoja cha lile jua lake. Nikampigia dada, nikamweleza, nikitegemea na yeye acheke.

"Zina joto?"

"Hapana."

"Basi ziweke karibu, upana wa kiganja. Mche unataka mwanga uufikie, hautaki mwanga wa kutisha majirani. Na usiku zima. Nani alikuambia mche haulali? Huyo mtoto wa kaka? Yeye ndiye halali, anatazama video."

Ikabaki habari ya usingizi wa mkwe na habari ya mimi kuingia. Nikapanda juu, nikafungua sanduku langu, nikatoa kitenge cha harusi ya binti yangu, kile cha manjano, kirefu, ambacho nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya kitu kikubwa. Tukakitundika kwenye bomba la dari kutoka ukuta mpaka ukuta, tukakibana na vibanio vya nguo. Upande wa kule kitanda, hita, giza. Upande wa huku meza, miche, taa mbili zimeshuka mpaka kiganja changu kikipita katikati kinakwaruza. Mwanga haukwenda kwake, na mimi nikishuka sikuwa ninaingia anapolala mkwe. Nilikuwa ninaingia shambani.

Dada aliposikia akasema, "Umejenga nyumba ndani ya nyumba ili umwagilie kopo la mtindi." Lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyeridhika, mimi namjua.

Kila asubuhi nilishuka, nikavuta kamba, nikaweka kiganja. Miche ilipopanda nilipandisha taa kidogo, fundo moja la kamba, si zaidi. Mmoja ulinikimbia ukagusa mrija bila mimi kuona, jani likapata doa jeupe, basi. Nyuma ya kitenge nilimsikia mkwe wangu akikoroma, jambo ambalo mama mkwe hapaswi kulijua, na sasa mmelijua na ninyi. Ile iliyokuwa imelala ubavu ikasimama. Mashina yakanenepa, yakawa na manyoya madogo yale ya zambarau kama yanavyotakiwa. Na fyuzi ilikaa kimya, hita na taa pamoja, kama watu waliooana zamani.

Kitu kimoja tu cha mpwa wangu kilifanya kazi. Alikuwa amesema wale wa bangi wanazungushia ukuta karatasi ya kung'aa ili mwanga unaokimbia urudi. Nikachukua ile foili ya kufunikia nyama, nikazungushia meza pande tatu, na ile miche ya pembeni kweli ikaacha kuinama. Mtu akiongea sana hivyo, lazima neno moja litue mahali.

Mwezi wa tano binti yangu akapata siku tatu za mapumziko, tukapakia gari kwenda Buffalo. Miche miguuni kwangu kwenye boksi la ndizi. Taa ya wati elfu nyuma, chini ya blanketi lake, kwa sababu mkwe alisema hailali tena nyumbani kwake hata usiku mmoja. Binti yangu aliendesha polepole njia nzima mpaka magari makubwa yakatupigia honi. Alikuwa anaogopa kusimamishwa na polisi na karai la bangi, halafu bibi mwenye boksi la majani mabichi miguuni aanze kueleza intore kwa Kirundi.

Tukasimama Reynoldsburg kuirudisha. Mpwa wangu alikuwa anapika maharage, mwenzake akatusalimia kwa heshima zote. Mwenye nyumba alikuwa ameshakagua na kuondoka zamani, wakaifunga taa yao pale pale, mbele yetu, kwenye kabati la nguo, wanionyeshe jinsi inavyotakiwa. Nikachungulia. Kulikuwa na mimea mitatu ya bangi, ya manjano, mikavu ncha, imeinama kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa jina. Wakawasha. Taa ikanguruma, ikawa nyekundu, na jikoni jiko la umeme likazimika na maharage yakiwa hayajaiva.

Nilicheka mpaka binti yangu akanifinya paja.

"Shangazi, unacheka nini?"

"Naicheka bangi. Sijawahi kuionea huruma bangi kabla ya leo."

Tukala maharage magumu. Tulipokuwa tunaondoka akatufuata mpaka kwenye gari, akainama kutazama boksi langu. Akatazama muda mrefu. Akauliza, polepole, bila kicheko, "Shangazi, ulitumia wati ngapi?"

"Muulize shemeji yako. Ukimkosa, yuko nyuma ya kitenge."

Buffalo tulifika jioni, kuna upepo baridi wa ziwani hata mwezi huo. Dada alikuwa mlangoni na fimbo yake, amekonda. Hakunikumbatia. Akanipita, akafungua mlango wa gari, akainama kwenye boksi.

"Mbona fupi?"

"Fupi na nene, dada. Shika shina."

Akashika shina. Akageuza majani, akanusa vidole vyake. Akafika kwenye mmoja wenye jani la chini lenye kovu la kahawia.

"Huu nani aliuchoma?"

"Mtoto wa kaka."

"Nilijua. Baba yake naye alichoma banda la kuku." Kisha akalifuata kwa kidole lile shina mpaka juu, mahali majani mapya yalipokuwa mabichi na mazima, na akakaa hapo na kidole chake muda. Nilimwona mdomo ukitetemeka. Akasema, "Ingizeni ndani, mnasimama nini? Mnataka zipate baridi?"

Alizipanda mwenyewe ardhi ilipokubali, nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda. Wanawake wa kanisani walipokuja kusalimia aliwaambia ni mimea ya sumu. Mwisho wa kiangazi simu ikalia, nikasikia mtu anatafuna.

"Zimezaa?"

Anatafuna.

"Dada. Ni chungu?"

"Chungu."

"Kama za mama?"

"Mama hakuwa mtu wa kuuliza mwenzake maswali akiwa na chakula mdomoni," akasema, na akaendelea kula, na mimi nikaendelea kusikiliza.

Safari hii aliacha matunda manne mtini yaive. Mbegu akazigawa kwenye vifuko: kimoja chake, kimoja changu, kimoja cha mkwe wangu, akasisitiza niseme ni cha mkwe, kiwekwe kwenye sanduku lake mwenyewe. Hata mtoto wa kaka alimwekea chembe tano, kwa sharti kwamba azipande nje, juani, kama watu.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kama miche ilikuwa kumi na tano na si kumi na nne, au kama kitenge kilikuwa kile cha maua na si kile cha manjano, anayejua vizuri zaidi aniambie, nitasahihisha na sitakasirika. Dada akisema hakutetemeka mdomo, nitamsikiliza pia. Mpwa wangu tu asinipigie simu habari ya wati.